Simu ya Mtu Mezani Pako ni Amana
Maneno niliyowaambia mafundi wa simu na vijana wa kompyuta, Majengo, Mombasa

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, mafundi wenzangu, assalam alaykum. Na wenzetu ambao hiyo si salamu yenu, habari za jioni.

Simu hii niliyoishika mkononi imekufa tangu mwaka 2016. Kioo chake ni kizima, na ukiitia betri inawaka. Lakini haishiki mtandao wala haitashika tena. Niliiua mimi. Sikuiangusha, sikuitia maji. Niliiua kwa kubofya mahali pamoja tu kwenye kompyuta.

Mwenyewe alikuwa mama muuza samaki wa kukaanga, ng'ambo ya Likoni. Alivuka na feri asubuhi akaja mpaka kwangu Mwembe Tayari, akaniambia, "Mwanangu, simu yajizima na kujiwasha tu, haifiki mwisho. Nitazamie, nitapita adhuhuri." Nikaitazama, nikaona ni mfumo ulioharibika. Simu yenyewe ina chipu ya MediaTek, na programu ya kuiflashi, yaani kuiandikia mfumo upya kutoka kwenye kompyuta, SP Flash Tool, ninayo. Nikaona ni kazi ya dakika 20. Programu ile ina njia tatu za kufanya kazi, na moja imeandikwa "Format All + Download". Nikaichagua hiyo. Nilidhani ni sawa na kufagia chumba kabla ya kuingiza vyombo vipya, kwamba ukifagia vizuri zaidi ndivyo kazi inavyokuwa safi zaidi.

Ndani ya simu hizi mna sehemu ndogo iitwayo NVRAM. Humo kiwandani huandikwa IMEI, zile tarakimu 15 za kuitambulisha simu, pamoja na vipimo vya redio ya simu yenyewe: vya mtandao, vya Wi-Fi, vya Bluetooth. Vipimo hivyo ni vya simu ile moja, havifanani na vya jirani yake hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja. Faili unayoipakua mtandaoni haina vitu hivyo. Ukifuta kila kitu, umefuta kile usichoweza kukirudisha.

Simu ikawaka, nami nikafurahi. Nikabonyeza *#06# ya kuonyesha IMEI, hakuna namba. Nikafungua Wi-Fi, juu kabisa ya orodha pakawa na maandishi: NVRAM WARNING, Err = 0x10. Mafundi naona mnatikisa vichwa, mnayajua maandishi hayo.

Adhuhuri mama akarudi. Nikamweleza kila kitu, sikumficha. Hakunipigia kelele. Aliniuliza neno moja: "Na madeni yangu?" Kumbe madeni yote ya wateja wake, nani kachukua samaki wa shilingi ngapi, alikuwa akiyaandika ndani ya simu ile. Nilimnunulia simu nyingine, nikailipa kwa miezi minne. Madeni sikuweza kumnunulia. Baadhi ya watu walimlipa wenyewe kwa uungwana wao, wengine wakanyamaza.

Ndiyo maana nimekuja kusema jambo moja jioni hii. Hapa pwani tunalijua neno amana. Mtu akisafiri huiacha dhahabu yake kwa jirani, na jirani haifungui bahasha hata kama usiku hapati usingizi. Simu ya mtu ikiwa mezani pako ni amana ya namna hiyo hiyo, na zana hizi tunazozitumia, ADB na fastboot za kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, ruti ya kupata mamlaka yote ya mfumo wake, programu za kuflashi, ni funguo za bahasha.

Siji kuwaambia mziache. Mimi zimenilisha, na zimefanya mema mengi. Mwaka juzi alikuja kijana mwanafunzi, kioo cha simu yake kimevunjika hakionyeshi kitu, na tasnifu yake iko ndani, amebakiza siku mbili za kuiwasilisha. Nikamuuliza, "Umewahi kuichomeka simu hii kwenye laptopu yako ukairuhusu?" Akasema ndiyo, alikuwa akijifunza kutengeneza programu. Tukachomeka, nikaandika adb devices, namba ya utambulisho ya kifaa ikatokea na neno "device" pembeni yake. Nikafungua scrcpy, ile programu ya bure inayoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta. Simu yake ikajitokeza yote kwenye laptopu, akaandika PIN kwa kibodi, akaitoa tasnifu yake. Nilimtoza shilingi 300. Lakini sikilizeni hapa: ilifaa kwa sababu ruhusa aliitoa yeye mwenyewe, kabla, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Wiki ile ile akaja mwingine mwenye shida hiyo hiyo, na kwake pembeni ya namba pakaandikwa "unauthorized". Huyo nilimwambia kioo lazima kibadilishwe kwanza. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Mlango ule ungekuwa unafunguka kwa kila fundi, ungekuwa unafunguka kwa kila mwizi pia.

Basi tuanze na mlango wenyewe. Ukienda kwenye mipangilio ukagusa mara 7 nambari ya toleo la mfumo, chaguo za wasanidi programu zinafunguka. Kila mtoto wa darasa la nane hapa anajua. Ndani yake mna ruhusa ya ADB kupitia USB. Tangu Android 4.2.2, simu ikichomekwa kwenye kompyuta ngeni huuliza: unaikubali kompyuta hii? Na chini yake pana kisanduku cha kusema iruhusu daima. Wengi wetu tunakitia alama kisanduku kile ili tusisumbuliwe tena. Ukishafanya hivyo, ufunguo wa kompyuta ile umehifadhiwa ndani ya simu ya mteja. Mteja anaenda zake Kisauni, simu yake bado inaijua kompyuta ya dukani kwako. Siku kompyuta yako ikiibwa, au msaidizi wako akiwa na tamaa, simu ile ikichomekwa hapo huenda isiulize neno.

Mimi kazi ikiisha, mbele ya mteja, nafuta ruhusa zote za kompyuta zilizohifadhiwa, palepale kwenye chaguo za wasanidi, kisha nazima ADB, kisha nazima chaguo zenyewe. Hazichukui hata dakika. Mteja akiuliza nafanya nini, namwambia nafunga mlango.

ADB ya hewani inataka uangalifu zaidi. Android 11, mwaka 2020, ilileta njia nzuri: kompyuta na simu huunganishwa kwa namba ya tarakimu sita. Ya zamani ilikuwa mlango wa mtandao namba 5555 ulioachwa wazi tu, na mwanzoni mwa 2018 kulikuwa na programu hasidi iliyokuwa ikizunguka duniani kutafuta vifaa vya Android vyenye mlango huo wazi, ikiingia na kuvifanyisha kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Vingi vyao vilikuwa visanduku vya TV. Wenye mkahawa mliounganisha kisanduku cha kuonyeshea mpira kwenye Wi-Fi moja na simu ya kupokelea malipo, hilo nalisema kwa ajili yenu. Na visanduku vya bei rahisi visivyojulikana vimetoka wapi vina balaa nyingine: programu hasidi iliyoitwa BADBOX ilikutwa ikiishi ndani ya vifaa kama hivyo, uchafu umetiwa kabla mnunuzi hajafungua boksi. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi juu ya BADBOX 2.0. Kisanduku kinachokutaka uzime Play Protect, ile kinga ya Google inayokagua programu, ndipo kifanye kazi, kirudishe dukani.

Turudi kwenye simu. Kuna vijana wanaopenda kupunguza programu za kiwandani ili simu iwe nyepesi. Ni jambo zuri, simu ya nafasi ndogo hupumua. Amri ya ADB ya kuondoa kwa mtumiaji namba 0 haiifuti programu kabisa, inaificha kwa mtumiaji tu, na ipo amri nyingine ya kuirudisha. Lakini kuna mmoja aliiga orodha ya mtu mwingine wa simu nyingine, akabandika yote kwa pamoja, akaondoa na kibodi. Simu ilipojiwasha upya ikamtaka nenosiri la herufi, na kibodi haipo. Alikuja kwangu uso umemshuka, akidhani lazima kila kitu kifutwe. Tulichukua kibodi ya kawaida ya kompyuta, tukaichomeka kwa waya wa OTG, akaandika nenosiri lake, simu ikafunguka. Tangu siku ile huandika kwenye karatasi kila anachokiondoa, kimoja kimoja, na huizima na kuiwasha simu kabla ya kuendelea na kingine. Karatasi, wala si ndani ya simu ile ile.

Ruti na kufungua butiloda, yaani kuondoa kufuli la programu inayoiwasha simu, sitakaa sana, maana wengi mmesikia. Ukifungua butiloda, data yote hufutwa. Hiyo ni kinga iliyowekwa makusudi ili mwizi asipite humo kuzifikia picha zako. Kwa hiyo kumwambia mteja "hakitapotea kitu" ni uongo. Kwenye Samsung kuna kipimo cha usalama kiitwacho Knox: ukiitia programu isiyo ya kiwanda, kinaruka hadi 0x1 na hakirudi milele, na Secure Folder, ile folda ya siri, haitafanya kazi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwanda. Programu nyingi za benki nazo hukagua, zikiona simu ina ruti zinakataa kufunguka. Kwa mtu ambaye duka lake lote limo ndani ya simu, hiyo ni hasara ya kila siku. Nimeona fundi amempigia mteja ruti ili apate maandishi ya kupendeza kwenye skrini. Alimpa urembo akamnyima benki. Kama unataka kujifunza Magisk, programu ya kupigia ruti, nunua simu kuukuu ya mazoezi, uipige ruti mara mia, uiharibu, uifufue. Hiyo ni yako.

Kwenye kuflashi nitakaa kidogo, kwa sababu ya simu hii iliyokufa.

Kabla sijagusa, nasoma jina kamili la modeli kwenye simu, na si kwenye kava wala kwa maneno ya mteja. Simu mbili za jina moja sokoni zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti. Kisha naangalia toleo lililomo. Simu nyingi siku hizi haziruhusu kurudi nyuma kwenye toleo la zamani. Kampuni ya Xiaomi walianza kulikaza jambo hilo mwaka 2018, na ukilazimisha, simu inageuka tofali. Kisha nahifadhi NVRAM kwanza, kabla ya kitu chochote kingine. Kwenye SP Flash Tool natumia njia ya kupakia tu, ile ya kufuta yote siigusi. Kwenye Odin, programu ya kuflashi simu za Samsung, nikitaka data ya mteja ibaki, nachagua faili ya HOME_CSC. Ile ya CSC tupu inasafisha kila kitu. Herufi nne za mwanzo tu, na picha za mtu za miaka minane zimekwenda.

Halafu stima. Mnajua stima yetu. Siflashi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba stima ikikatika. Natumia laptopu yenye chaji, na simu yenyewe iwe imejaa angalau nusu. Waya uwe ule ninaoujua, si wa kuazima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kuflashi kukishaanza hakuna kuchomoa waya kwa sababu mteja mwingine amesimama mlangoni.

Na zana zenyewe mwazitoa wapi? Nimeingia maduka mengi nikakuta programu za kufungulia simu zilizovunjwa leseni, na maelekezo ya kwanza ni kuzima kinga ya virusi kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo hiyo kesho inachomekwa simu za watu 15. Kama huwezi kulipia leseni, kusanyeni watatu mlipie moja kwa halali, au iacheni kazi hiyo kwa mwenye nayo.

Sasa yale yasiyopendeza kusema. Anakuja kijana, simu nzuri mkononi, imefungwa kwa akaunti ya Google. "Bro, nimesahau email, nitolee hii." Kinga ile iliwekwa tangu Android 5.1, mwaka 2015, ili simu ya kupokonywa barabarani isiwe na faida. Naulizia risiti. Naulizia boksi, nalinganisha IMEI ya boksi na ya simu. Kama ni yake kweli, mara nyingi tunakaa pamoja tukairudisha akaunti kwa njia ya Google wenyewe, na anaondoka na email yake vilevile. Kama hana risiti, hana boksi, hakumbuki hata jina la akaunti, namrudishia simu yake. Nimepoteza pesa hapo, sikatai. Lakini dada aliyepokonywa simu pale kituo cha matatu na mtu wa pikipiki, atakuja kwangu huyo huyo kununua nyingine. Nitamtazamaje?

Kubadilisha IMEI hata tusibishane. Sheria ya mawasiliano ya Kenya inalikataza, na mwaka 2012 simu zenye IMEI bandia zilizimwa nchi nzima, mnakumbuka kilio. Mtu akiniletea simu iliyopoteza IMEI yake halali kwa kosa kama langu, namwelekeza kituo kilichoidhinishwa na mtengenezaji, na namwambia ukweli kwamba huenda isitengenezeke. Simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, naelewa shida yake. Mtu amekosa siku tatu simu imejifunga na kazi yake imo humo. Huzuni yake ni ya kweli. Lakini kufuli lile ni la mkataba, na mkataba ni wa watu wawili, mimi si mmoja wao.

Kina mama, neno hili la mwisho ni lenu zaidi, na mafundi lisikilizeni kwa moyo.

Mnajua harusi zetu. Usiku wa kina mama, watu wamejipamba, nywele wazi, wanacheza, mlangoni kuna wanaokusanya simu au wanaosimama kuzuia picha. Yote hayo kwa sababu picha moja ikitoka inavunja nyumba. Sasa dada yule yule aliyelindwa mlangoni, kioo chake kinapasuka, anaileta simu kwangu, na mimi namwomba PIN. Kwa nini? Kubadilisha kioo hakuhitaji PIN. Nahitaji kujua kama mguso unafanya kazi, basi, na hilo litajulikana akirudi kuifungua mwenyewe. Kazi nyingi tunazoombea PIN hazihitaji PIN. Tumezoea tu.

Samsung mwaka 2022 walileta hali ya matengenezo. Ukiiwasha, fundi anaona simu tupu, picha na ujumbe vimefungwa, na ukirudi unaizima kwa PIN yako. Google wakaleta ya kwao kwenye Pixel mwaka uliofuata. Simu nyingi za hapa hazina, lakini muulize fundi wako, na fundi umweleze mteja kabla hajauliza. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 ipo, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ipo, nayo inasema kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa ni kosa. Ruhusa ya kubadilisha betri si ruhusa ya kufungua picha. Nimewahi kumfukuza kijana dukani kwangu kwa kupitisha kidole kwenye picha za mteja "kuona kama skrini inasukumika." Alikuwa fundi mzuri sana wa mikono. Mama yake alikuja kuniombea radhi kwa niaba yake, na nikamwambia, bi mkubwa, heshima yako naipokea, lakini simrudishi.

Na nyumbani, mtu akikutumia faili ya APK, yaani programu ya kusakinisha, kwenye WhatsApp akasema ni kadi ya mwaliko au ni matokeo ya mtihani, kadi haihitaji kusakinishwa. Na programu yoyote iliyokuja kwa njia hiyo ikikuomba ruhusa ya ufikivu, ikatalie. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu wa mikono, inasoma skrini yote na kubonyeza kwa niaba yako. Aliyenayo anaiona PIN yako unavyoiandika. Android 13 ilianza kuizuia kwa programu zilizotoka nje ya duka la programu, lakini kizuizi hicho mtu huweza kuelekezwa akakiondoa mwenyewe, na matapeli wanajua kuelekeza kwa upole.

Nimeongea sana, na maghrib inakaribia. Nimeleta laptopu yangu, iko pale kwenye meza karibu na mlango, na waya wa kila aina. Kabla hamjatoka, kila mmoja afungue mipangilio ya simu yake aone kama chaguo za wasanidi ziko wazi. Zikiwa wazi na hujui nani alizifungua, njoo mezani tufute pamoja ruhusa za kompyuta zilizohifadhiwa humo. Wewe kijana mwenye kofia nyeupe, tuanze na yako. PIN weka mwenyewe, mimi nageuka.